Upande wa Kushoto wa Mwanesha

Mwezi uliopita nilimkabidhi Jamal, kijana niliyemfundisha kazi, sanduku langu la vyombo. Akaniuliza kama kweli nimeacha kazi au nimechoka tu. Nimeacha. Bega langu la kulia halipandi tena, na fundi wa mashua asiyeweza kuinua nyundo juu ya kichwa hawezi kulala chini ya chombo akafanya kazi, na huko chini ndiko kazi yenyewe iliko. Sisi hatuna reforma, ile pensheni ya uzeeni, kama watu wa serikali. Tunastaafu siku mwili unapokataa.

Jamal na wenzake wa kiwandani hapa Palma waliniletea daftari, wakanitaka niandike niliyoyaona kazini. Nimeandika kwa Kiswahili, maana Kireno changu kinatosha kujibu maswali ya askari barabarani, zaidi ya hapo kinaisha. Mashua nilizojenga na kutengeneza ni nyingi, na nyingine nimezisahau majina. Nitaeleza zaidi moja, Mwanesha, kwa sababu niliijenga nikiwa mwanafunzi na kuifufua nikiwa mzee, na yaliyotokea katikati mliyasikia mara moja tu, tena nusunusu, mkiwa mmeshika kamba.

Nilifika kwa Fundi Sualehe nikiwa na miaka kumi na minane, muda mfupi baada ya uhuru. Nilidhani siku ya kwanza nitapewa msumeno. Nilipewa gunia la misumari iliyopinda, iliyong'olewa kwenye vyombo vilivyovunjwa, na kipande cha reli cha kuinyooshea. Niliinyoosha misumari wiki tano. Mipya ilikuwa adimu dukani, na hata ilipopatikana fundi hakuipenda; alisema ni laini kama uji. Wiki ya sita nikahamishiwa kwenye pamba: kuisokota juu ya paja iwe kamba nyembamba, kuichovya kwenye mafuta, kuipanga kwenye sinia. Pamba hiyo ndiyo inayopigiliwa katikati ya mbao ili maji yasipite, kazi tunayoiita kalafati. Vinyweleo vya paja langu la kulia viliisha vyote, na mpaka leo havijarudi.

Fundi Sualehe alikuwa mtu mfupi, wa maneno machache, mwenye kofia iliyokuwa nyeupe zamani. Ukikosea alikuja, akatazama, akachukua chombo mkononi mwako, akarekebisha, akakurudishia bila neno. Mara nyingi nilitamani anitukane, tumalize.

Mbao zilitoka bara. Mara ya kwanza alinichukua hadi Diaca, juu ya kamioni ya mihogo, tukakaa siku nne kwa Wamakonde waliokuwa wakimfahamu. Ubao wa ubavuni unataka mti ulionyooka, mkongo, ule ambao kwenye karatasi za serikali unaitwa chanfuta. Lakini mataruma, yaani zile mbavu za ndani zinazoshika mbao, yanataka mti uliopinda wenyewe. Ukilazimisha pindo kwa msumeno, taruma litavunjika palepale ulipokata. Kwa hiyo fundi alizunguka kwenye mashamba ya mikorosho akitazama matawi, mkononi ana fito aliyoikunja kwa umbo la mashua, anaipima kwa mbali, anafumba jicho moja. Wenye mashamba walidhani ni mtu wa kodi, wakawa wanasema mikorosho si yao.

Matawi hayo ndiyo yaliyokuwa mataruma ya Mwanesha. Mwenye chombo alikuwa Mzee Amisse, mvuvi wa nyavu, akaipa mashua jina la mama yake. Alipokwenda kuiandikisha, karani akaandika Muanexa. Basi ikawa na jina moja la baharini na jingine la kwenye karatasi, kama wengi wetu. Ilikuwa mashua ya tanga moja, nyuma imekatwa bapa, ya mabaharia watano, na kwa kweli ilikuwa nzuri kuitazama.

Hapa nieleze jinsi ubao unavyofungwa, hata kama nyinyi mnajua. Ubao unapigwa kwa nje, taruma liko ndani, na aliye nje halioni. Anatoboa kwanza kwa kekee, ile tunayoizungusha kwa upinde, halafu ndipo anapigilia msumari. Ili tundu liingie katikati ya taruma, anatakiwa mtu wa pili ndani ya chombo, agonge taruma kwa kipande cha mti, na wewe nje uweke kidole pale mlio unapokuwa mzito. Ni kazi ya watu wawili. Leo Jamal ana dirili ya jenereta, inatoboa kabla hujamaliza kupiga chafya, na nayo bado inamtaka mtu wa kugonga.

Zilibaki siku mbili kabla ya Idi. Upande wa kulia wa Mwanesha alikuwa akiufunga fundi, upande wa kushoto alinipa mimi, mara ya kwanza kuaminiwa upande mzima. Adhuhuri akaitwa mazikoni. Akaniambia ubao wa tatu kutoka chini, kule mbele, nisiufunge mpaka arudi, maana pale mataruma yanaingia kwa mshazari na ni rahisi kuyakosa. Nilisubiri kidogo. Fundi cherehani alikuwa na kanzu yangu ya Idi, na alikuwa akifunga duka alasiri. Nikatoboa peke yangu, kwa kukisia.

Matundu matatu ya kwanza nilihisi kekee inauma mti. Manne yaliyofuata ilizama ghafla, ikatokea hewani. Nilijua. Yeyote aliyewahi kushika kekee anajua. Ilinipasa niyaache wazi nimwonyeshe fundi, akachukue kekee mkononi mwangu bila neno, yaishe. Badala yake nilipigilia misumari minne isiyoshika kitu, nikaikunja ncha kwa ndani ikaegemea ubavuni mwa taruma, nikaziba kwa pamba, nikapaka deheni juu yake, ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Ulipokauka, ubavu wangu ulikuwa mweupe sawasawa na wa fundi. Nikaiwahi kanzu.

Asubuhi yake fundi alipitisha kiganja juu ya ule ubao, akaniuliza, "Nani alikugongea?"

"Assane," nikamjibu. Assane alikuwa muuza samaki aliyepita pale kila siku.

Fundi akaitikia kwa kichwa, akaenda kuangalia mlingoti.

Nahodha wa Mwanesha alikuwa Selemane, kijana wa miaka thelathini hivi, aliyeoa mwaka uleule. Alikuwa nahodha hodari kuliko wote wa umri wake hapa, na watu walioweka nyavu zao kwake walilala vizuri. Mwaka wa tatu, alfajiri, walikuwa wanarudi kutoka nje ya visiwa, bahari imechafuka, chombo kimejaa nyavu na samaki. Mashua ilipasuka, mkondo ukaitupa kwenye mwamba. Ngalawa zilizokuwa zikitoka ziliwaokoa wote watano. Nyavu zilipotea zote, na nyavu za miaka ile zilikuwa zimefumwa kwa mkono, miezi na miezi.

Mabaharia wanne walikuwa wamelala, ndiyo desturi ya kurudi. Walisema waliamshwa na kishindo cha mwamba. Selemane alisema maji yaliingia kwanza, kwa mbele, kwa nguvu, chombo kikawa kizito kikakataa usukani, na mwamba ulikuja baadaye. Lakini kila aliyekwenda kuitazama aliikuta mashua imekaa juu ya mwamba na tobo ubavuni, na mtu hahitaji maelezo zaidi ya hapo. Mzee Amisse alimwambia pwani, mbele ya watu, kwamba alilala kwenye usukani. Akamnyang'anya chombo. Hakuna mwingine aliyempa. Baada ya mwaka Selemane alihamia mashambani kwao mkewe, upande wa pili wa ghuba, akalima mihogo.

Mtaniuliza mimi nilikuwa nafikiri nini. Nataka kusema sikuwaza kabisa, lakini niliwaza. Siku niliyosikia kwamba tobo liko kushoto mbele, niliikumbuka misumari yangu minne. Halafu nikajiambia mwamba ni mwamba, ungetoboa hata ubao wa fundi. Kila mtu alikwisha kupata jibu lake, na mimi nikalichukua hilohilo.

Fundi Sualehe wakati huo alikuwa mgonjwa wa kifua, hatoki ndani. Mzee Amisse akaleta fundi kutoka Mocímboa. Yule bwana hakuung'oa ubao uliovunjika. Aliweka kiraka, ubao mwingine mpana juu yake kwa nje, akapiga kalafati pembeni. Mimi nisingefanya hivyo, na nyinyi msifanye: kiraka kinaficha kuoza. Hata hivyo lazima niseme kilishika miaka yote ile, na yule fundi alikuwa anapiga misumari yake penye mti. Fundi Sualehe alifariki kabla ya mwaka kwisha. Mjane wake alinipa kekee yake. Niliipokea.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kazi, na kazi nyingi zinafanana. Wakati wa vita vya kwanza, vile vya baada ya uhuru, misumari ilikwisha kabisa, tukawa tunavunja masanduku ya misaada, tunachukua misumari, na mbao zake tunajengea vibanda vya kuku. Kesi iliyonishinda ilikuwa mashua ya jirani yangu, nzima machoni, imepakwa rangi juzi tu. Niliigonga ubavu ikalia kama debe tupu. Wadudu wa baharini walikuwa wameula ubao kwa ndani, wakaacha ganda la nje na rangi. Nilimwambia asiishushe majini. Akaleta fundi mwingine mwenye maneno matamu. Mashua ilifika nusu ya ghuba. Tangu hapo sikutazama rangi ya chombo. Niligonga kwanza, ndipo nikafungua macho.

Halafu ukaja wakati wa kukimbia, vita hivi vya karibuni. Yaliyotokea mnayajua, siyaandiki. Mimi nilikuwa Pemba, ule mji wa kusini mwetu, si kile kisiwa, kwa binti yangu zaidi ya miaka miwili, nikichonga vitanda na kugombana na majirani wa binti yangu juu ya kelele za nyundo. Niliporudi nilikuta kiwanda ni majani matupu. Mwanesha ilikuwa imelala kwenye mikoko, kwenye kijito, ubavu mmoja ndani ya tope, kaa wanaingia na kutoka kama wenye nyumba.

Mzee Amisse alikuwa amekwisha kufariki siku nyingi. Mashua ilikuwa ya binti yake, Bi Zainabo. Mwanawe, Faquihe, alikuwa akivua kama baharia kwenye boti ya faiba ya mtu mwingine, siku mafuta yakipatikana. Ndugu zake walimshauri Bi Zainabo auze mbao ziwe kuni. Yeye akaniita. Nilikwenda na kisu na nyundo ndogo, nikagonga kuanzia nyuma mpaka mbele, asubuhi nzima, yeye amesimama kwenye tope na kanga ameikunja magotini. Nilimwambia mkuku, ule mti mkubwa wa chini, ni mzima. Mataruma zaidi ya nusu ni mazima. Mbao, itabidi nyingi ziondoke.

Akaniuliza kama ikibadilishwa mbao nyingi hivyo bado itakuwa Mwanesha. Nikamwambia hilo amuulize mwalimu wa chuo cha Kurani. Mimi ninachojua ni kwamba itaelea.

Mbao safari hii zilitoka Nhica do Rovuma, maana njia ya Diaca ilikuwa bado ngumu. Nilikwenda mwenyewe na Jamal. Licença, kibali cha kukata, ilichukua muda mrefu kuliko kukata. Jamal alitaka kuchagua kwa picha za simu, mkata mbao amtumie, nami nikamwacha apeleke picha, kisha tukaenda tukatazama. Miti mitatu kati ya mitano ya kwenye picha ilikuwa na nyufa moyoni. Hakuniuliza tena habari za picha. Tulirudi kwa msafara, kamioni letu katikati ya makamioni ya saruji, tumekaa juu ya mbao tukiwa weupe kwa vumbi.

Mashua tulikwisha kuivuta hadi kiwandani; tulianza upande wa kulia, tukamaliza bila matata. Kisha tukageukia kushoto, tukafika kwenye kiraka cha yule fundi wa Mocímboa. Nilikishindilia mtaimbo nikakibandua mwenyewe. Chini yake ubao wa zamani ulikuwa mkavu, haukuoza, umehifadhiwa kama kitu kilichofungwa kwenye karatasi.

Mwamba ukitoboa chombo unaponda mbao kuelekea ndani. Nyuzi za mti zinasagika. Chini kidogo palikuwa na tobo la namna hiyo, kweli, la mwamba. Lakini ncha ya mbele ya ubao wa tatu haikupondwa. Ilikuwa imefunguka kuelekea nje, nzima, kama mlango. Na pembeni mwa taruma, si ndani yake, palikuwa na misumari minne, ncha zimekunjwa, na pamba yangu bado imo matunduni, imekuwa nyeusi. Bahari ilipoisukuma mashua, ubao haukuwa na kitu cha kuushika. Maji yaliingia kwanza.

Nilikaa chini kwenye mchanga. Jamal alikuja akachungulia, akapitisha kidole, akasema, bila nia mbaya, kwamba hapa palifungwa na mtu aliyekuwa usingizini. Akauliza ni nani.

"Mimi," nikasema.

Alidhani natania. Aliponitazama usoni akaacha kucheka, akaenda kuwaambia wenzake wapumzike.

Siku ileile nilikwenda kwa Bi Zainabo nikamweleza tangu mwanzo, na kanzu nayo. Alinisikiliza akiwa anachambua mchele, mkono ukasimama. Alisema baba yake alikutana na Selemane msikitini na mazikoni miaka yote ile, na hata siku moja hakumpa mkono, mpaka amekufa. Halafu akasema, "Fundi, hili si la kuniambia mimi kwanza." Kazi hakuninyang'anya. Nilikuwa nimejiandaa aninyang'anye.

Selemane alikuwa Quitunda. Mashamba yale ya kwao mkewe yalikuwa ndani ya eneo la mradi wa gesi, wakahamishiwa huko kwenye nyumba za matofali, zimepangwa mistari. Niliuliza njia mara tatu, maana nyumba zote zinafanana. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki upande wenye kivuli, mzee aliyekonda, miguu mirefu, na binti yake Atija anafua karibu. Mke wake alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma. Nilikuwa nimekuja na kile kipande cha ubao ndani ya gunia, pamoja na misumari yake.

Nilimweleza. Nilipomaliza aliomba kipande, akakigeuza, akaingiza kidole kwenye tundu moja baada ya jingine.

"Umeona kwa macho yako ulivyofunguka?"

"Nimeona, nahodha. Ulifunguka kwa nje."

"Kwa hiyo maji yaliingia kwanza."

"Maji yaliingia kwanza."

Atija alikuwa ameacha kufua. Mzee akasema, bado anakitazama kile kipande, "Mke wangu amekufa akijua nililala. Hakunilaumu hata siku moja. Alikuwa ananiambia, Selemane, binadamu husinzia. Mwanzo nilikuwa nambishia. Baadaye nikaacha. Baadaye tena, mimi mwenyewe nikawa sijui kama nililala au sikulala."

Nilishuka kwenye kiti nikamshika miguu, nikamwomba radhi. Aliitoa miguu yake, si kwa hasira, kama mtu anayetoa miguu kwenye njia ya maji.

"Usiniombe hapa uani," akasema. "Mimi niliitwa mlalaji pwani, mbele ya watu. Kaseme pwani."

Nikamuuliza kama atakuja siku ya kushusha mashua. Akasema hatakuja, hana haja na pwani, atakuja Atija asikilize. Nilipoinuka nilinyoosha mkono nichukue kipande cha ubao. Akakiweka chini ya kiti chake.

Upande wa kushoto niliufunga upya mimi, sikumpa mtu. Jamal aligonga ndani, mimi nikatoboa nje, kwa kekee, na vijana walionionyesha dirili niliwaambia wakae nayo. Kila tundu nilimwita Jamal achungulie kwa ndani aniambie liko wapi. Ilikuwa kazi ya siku tano. Nilitumia kumi na mbili. Siku ya tisa bega lilitoa mlio kama ubao unaopasuka. Nikaendelea kwa mkono wa kushoto, polepole, na ndiyo maana misumari ya nyuma ile vichwa vyake havikukaa vizuri. Inashika, lakini haipendezi. Nataka mjue kwamba naiona kila nikipita.

Siku ya kushusha palikuwa na watu wengi kuliko nilivyotaka. Tulikuwa tumengoja maji ya bamvua, yale yanayojaa kuliko yote, kamba zimefungwa, magogo yamepakwa mafuta. Mwalimu wa chuoni alisoma dua. Bi Zainabo akanitazama. Atija nilimwona amesimama mbali kidogo, peke yake, na mkoba begani, kama mtu aliyekuja kupanda gari.

Nilisema. Nilisema mashua hii iliwahi kuvunjika mwambani na watu wakaambiwa nahodha alilala. Nilisema tumeifungua tumeona ubao ulikwisha kuachia kabla ya mwamba, kwa sababu haukufungwa kwenye taruma, na aliyeshindwa kuufunga ni mimi, nilikuwa na haraka ya mambo yangu, nikamdanganya Fundi Sualehe, nikakaa kimya. Nikasema nahodha hakulala. Nikainama kushika kamba, maana nilidhani nimemaliza.

Atija alisogea mpaka mbele. Hakupaza sauti.

"Fundi, umesema nahodha. Manahodha wamekuwa wengi hapa. Mtaje."

Nikasimama wima. "Selemane Bacar Muinde," nikasema. "Selemane Bacar Muinde hakulala."

Wazee wawili waliokuwepo siku ile ya Mzee Amisse waliangalia chini. Bi Zainabo alikwenda akamshika Atija mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, akaushikilia. Halafu maji yalikuwa yanatuacha, ikabidi tusukume. Atija aliweka mkoba wake juu ya mchanga akasukuma nasi, na Mwanesha ikaingia.

Siku ya pili Atija alinipigia simu. Alisema baba yake anauliza: inavuja?

Nikamwambia amwambie inavuja, ndoo mbili asubuhi, ndoo moja jioni. Mashua iliyobadilishwa mbao huvuja mpaka mti unywe maji uvimbe. Fundi akikwambia chombo kipya hakivuji, kagua na mengine aliyokwambia.

Baada ya wiki akapiga tena, swali lilelile. Nikasema nusu ndoo. Wiki nyingine ikapita. Nilishuka mwenyewe pwani maji yakiwa yametoka, nikaingia ndani ya Mwanesha, nikainama nikapapasa kwa mkono chini kabisa, kulia na kushoto, kushoto mara mbili. Kisha ndipo nikapokea simu.

"Kavu," nikamwambia.

Nilimsikia anamweleza mtu pembeni. Halafu akarudi akasema, "Anasema Ijumaa atakuja, baada ya sala."

Alikuja kwa pikipiki, nyuma ya dereva, miguu yake mirefu imeinuliwa isiguse barabara. Tulisalimiana kama dini inavyotaka, si zaidi. Faquihe alimpa nafasi ya nyuma, kwenye usukani. Alikataa, akaenda kukaa mbele, upande wa kushoto, kiganja amekilaza juu ya ubao. Faquihe akatweka tanga, tukatoka kwenye ghuba. Mimi nilikaa katikati na ndoo mapajani, ingawa hapakuwa na maji ya kuteka.